Kigae cha Agathe

Kreszenz wa nyumba ya Oberegg, ambaye sote tunamwita Zenzi, ana mke mwenza, na mke mwenza huyo yuko kaburini. Usimcheke. Mke mwenza aliye hai utamnunia, utamsengenya, na siku moja mtatupiana maneno mpaka mtoe yote ya moyoni. Wa Zenzi hajibu. Yuko pale uani kwa kanisa, picha yake imebandikwa kwenye jiwe, ana miaka thelathini na saba na hataongeza hata mmoja, wakati Zenzi mwaka huu ametimiza sitini na magoti yanamsumbua.

Mimi ni jirani yao, ua wangu na wao ni mmoja, na mume wangu Serafin ndiye fundi wa mapaa ya mbao hapa bondeni. Kwa hiyo mengi nimeyaona, na mengine nimeyasikia kupitia dirishani bila kuombwa.

Zenzi alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na minane, kutoka bonde la pili, ambako alikuwa mpishi wa hoteli. Vigil alikuwa amefiwa na mkewe Agathe miaka minne nyuma, ana ng'ombe kumi na mmoja na shati moja tu lenye vifungo vyote. Walifunga ndoa mwezi wa kumi na moja, na kabla Krismasi haijafika Zenzi alikwisha ng'oa maua mekundu yote ya Agathe dirishani, akafunga sahani za Agathe kwenye magazeti na kuzipandisha darini. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa bado hai. Kila Zenzi alipopika matonge ya mkate kwenye supu, yule mama alikata tonge kwa kijiko, akalitazama, akasema, "Ya Agathe yalikuwa mepesi." Alisema hivyo miaka sita, mpaka alipoacha kula kabisa.

Vigil hakusema neno. Huyo ni mtu ambaye akikwambia habari za asubuhi ujue ameshatumia maneno yake ya siku nzima. Hakumsifu Agathe wala hakumtaja. Ungedhani hilo lingempa Zenzi raha, lakini lilimtesa zaidi, kwa sababu mtu asiyemtaja marehemu unaweza kumdhania kuwa anamtaja moyoni mchana kutwa.

Sasa niwaeleze kuhusu mlima wetu wa Larchkogel, maana mambo yalitokea huko. Kileleni kuna kanisa dogo ambalo babu zetu walilijenga baada ya Vita Kuu, kando ya mahandaki ambamo vijana wetu na vijana wa upande wa pili waligandia kwenye theluji. Kila sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwishoni mwa mwezi wa saba, bonde zima hupanda kwenda kusali. Upepo wa kule juu ni mkali, kila mwaka hung'oa vigae vya mbao, na kila mwaka kila nyumba hupeleka kigae kimoja kipya. Chini yake, upande ambao mvua haifiki, unaandika jina la marehemu wako. Fundi akiwa juu ya paa hukipokea, hulisoma jina kwa sauti, watu huitikia, kengele hupigwa mara moja, kisha kigae hupigiliwa misumari.

Kwa miaka ishirini na miwili Zenzi hakuwahi kupanda. Mtu ilibidi abaki na ng'ombe, na mtu huyo alikuwa yeye. Vigil aliondoka alfajiri na kigae chake begani, akarudi jioni amechoka na ametulia, na Zenzi alipomuuliza amemwandika nani, alijibu, "Marehemu." Zenzi akajiridhisha kwamba ni baba mkwe, na baadaye mama mkwe. Sisi tuliokuwa kule tulikuwa tukiitikia jina la Agathe mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia sikufungua. Nilijiambia ni huruma, lakini ukweli ni kwamba nilifurahia kujua kitu asichokijua.

Majira ya kuchipua ya mwaka huu waliuza ng'ombe, kwa sababu nyonga ya Vigil haimruhusu tena kukamua. Ikabaki nyumba kimya na Zenzi hana kisingizio. Siku ya Mtakatifu Yakobo alikuwa wa kwanza kupanda gari la Serafin, amevaa aproni yake ya buluu ya sikukuu na kushikilia kigae mapajani.

Gari hutufikisha malishoni ya juu, na kutoka hapo ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Vigil alitembea na fimbo, Zenzi nyuma yake, mimi nyuma ya Zenzi. Nilimwona akikigeuza kigae huku na huku.

"Hujaandika kitu," alimwambia mumewe.

"Tutaandika juu."

"Tutamwandika nani?"

"Marehemu," Vigil akasema, akaendelea kupanda.

Tulipofika, Serafin aliegemeza ngazi, akaanza kung'oa vigae vilivyooza na kuvitupa chini karibu na ukuta, ambako baadaye huchomwa moto. Vigil aliweka kigae na kalamu ya seremala juu ya jiwe, akachukua vyombo vya maji na kushuka kwenye chemchemi, maana ndiyo kazi yake ya kila mwaka. Wanawake tulikaa juani tukakata mkate mgumu na nyama ya moshi. Hapo ndipo Filomena, ambaye ana duka la nyuzi na ulimi mrefu kuliko nyuzi zake zote, akamtazama Zenzi na kutabasamu.

"Afadhali umekuja, mwenzangu. Leo Agathe ataletewa kigae na mke mwenziwe. Moyo wako mkubwa jamani, mimi nisingeweza."

Zenzi akaacha kutafuna. "Agathe gani?"

"Kwani wako wangapi?"

"Vigil humwandika mama yake."

"Ee, basi," Filomena akasema, akageukia nyama yake kwa haraka. "Labda nimesikia vibaya. Miaka yote hiyo."

Zenzi alinitazama mimi. Nilitazama mkate. Alisimama, akaenda kwenye lile rundo la vigae vilivyooza, akapiga magoti yake mabovu na kuanza kuvigeuza. Kalamu ya seremala haifutiki upesi mahali pakavu. Akapata Agathe wa Oberegg. Akageuza vya nyumba nyingine, akavitupa, akapata Agathe tena, na tena. Saba vilimwangukia mikononi, vyote kwa mwandiko uleule wa Vigil, wenye herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye magunia.

Nilimfuata. "Zenzi, njoo ukae."

"Ulijua."

"Shoga..."

"Usiniite shoga. Ulijua, na yule mwenye nyuzi alijua, na mumeo huko juu amelisoma kwa mdomo wake. Mimi niko chini nimeshika chuchu za ng'ombe, nyinyi huku mnamwimbia."

"Ni marehemu, Zenzi. Vigae ni vya marehemu."

"Hata mama yake ni marehemu! Hata baba yake! Kaka yake aliangukiwa na theluji, mbona yeye hana hata kimoja?" Alikuwa ananong'ona, lakini mishipa ya shingo ilimtoka. "Miaka ishirini na miwili nimemfulia, nimempikia, nimemkanda hiyo nyonga kila usiku wa baridi. Kuna kitu gani mlimani hapa chenye jina langu? Kitu gani popote? Jiwe la kaburi lina jina lake. Sahani zina jina lake. Nyumbani kwangu mimi ni mgeni aliyechelewa kuondoka."

Wivu wake ulikuwa wa kijinga na ulikuwa wa haki, vyote kwa pamoja, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumtuliza.

Aliinuka, akaenda kwenye jiwe, akachukua ile kalamu. Aliandika akiwa amenipa mgongo. Kisha akanikabidhi kigae, kwa sababu mimi ndiye humpelekea Serafin vigae na misumari pale ngazini.

"Mpelekee," alisema.

Nilikigeuza. Niseme kweli: nilisoma, na ningeweza kukirudisha. Lakini kuna shetani mmoja mdogo ambaye hunikalia begani kila panapotaka kutokea jambo, na siku hiyo alikuwa amekaa vizuri. Nilikiweka kati ya vigae vingine na kuvipandisha.

Padri alianza ibada. Nyumba moja baada ya nyingine, Serafin akasoma, tukaitikia, kengele ikalia. Yeye akiwa juu hafikirii. Jua linampiga machoni, mdomoni amebana misumari, anaisogeza upande mmoja, anasoma, anagonga.

"Kreszenz wa Oberegg!"

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," bonde zima likaitikia, "na mwanga wa milele umwangazie."

Kengele ikapigwa. Nyundo ikagonga mara mbili. Ndipo Serafin akasimama na nyundo hewani, watu wakaanza kutazamana, na Filomena akapiga kelele, "Yesu na Maria, si huyo hapo!"

Zenzi alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono ndani ya aproni, kidevu juu. Mtoto mmoja akaanza kulia. Wazee wakafanya ishara ya msalaba, kwa sababu kwetu jina likishaitwa juu ya paa lile, limeitwa, na tangu babu zetu hakuna aliye hai aliyewahi kuitwa. Kisha vijana wa bendi ya sikukuu wakaanza kucheka, na kicheko kikasambaa.

Kikakatika. Vigil alikuwa anapanda kutoka kwenye chemchemi, na alikuwa anakimbia. Mtu wa miaka sabini na mmoja, nyonga imekwisha, hana fimbo, hana vyombo vya maji, hana kofia, anakimbia kwenye mawe akianguka na kuinuka, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Alisukuma watu. Alipomwona mkewe amesimama, akakaa chini palepale kwenye majani.

"Nimesikia jina," alisema. "Kule chini. Nimesikia jina lako na kengele."

Zenzi akatoa mikono ndani ya aproni.

"Nimedhani umeanguka ukingoni. Nimedhani..." Akapangusa mdomo. "Nani amekuandika?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe huniandiki! Kila mwaka yeye, kila mwaka yeye. Nilitaka hata mara moja kitu kiwe changu."

"Zenzi, uko hai."

"Ndiyo maana sipati kitu?"

Watu walicheka tena, kidogo. Vigil hakucheka. Aliinua uso, na nikamsikia akisema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake maisha yangu yote.

"Yeye nampelekea mbao kwa sababu sina kingine cha kumpa. Wewe nakupa kuni, nakupa chai, nakupa mgongo wangu kitandani upashe miguu. Ukitaka kigae, itabidi kwanza nikuzike. Nimezika mmoja. Siwezi tena, unasikia? Siwezi." Kisha akamwita mume wangu. "Serafin, king'oe hicho."

Serafin akang'oa. Kigae kikashuka kimepasuka, na Vigil akakivunja juu ya goti lake akatupa vipande kwenye rundo la kuchomwa.

"Sasa Agathe je?" Serafin akauliza kutoka juu, maana yeye ni fundi, na nyumba ya Oberegg ilikuwa haijatoa kigae.

"Agathe atangoja mwaka kesho," Vigil alisema. "Hana haraka."

Nilimtazama Zenzi. Alikuwa anajitahidi asitabasamu, na hakufaulu vizuri. Najua si jambo la kumsifu mtu, kumpokonya marehemu ubao wake, lakini nilimwonea wivu. Serafin hajawahi kukimbia kwa ajili yangu hata kwenye tambarare.

Baadaye padri alipomaliza na bendi ikapiga, wale wawili walikaa ukingoni mwa handaki la zamani, wakala mkate. Nilikaa karibu, nikijifanya nakunja vitambaa. Zenzi alikuwa anamfunga Vigil goti lililochubuka kwa mkanda wa aproni yake ya sikukuu.

"Mimi ndiye nitakayetangulia," Vigil akasema. "Kwa hesabu ya miaka."

"Nyamaza."

"Nikitangulia, nani ataniletea kigae?"

Zenzi alikaza fundo mpaka mzee akaguna. "Nani mwingine? Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayeniandika."

Zenzi alilainisha ncha za mkanda juu ya goti lile. Kule paani Serafin alikuwa anakusanya misumari.

"Utataka nikuandike pamoja naye," Zenzi akasema mwishowe.

"Kigae ni kipana," Vigil akajibu taratibu. "Majina mawili yanaenea."

"Hayaenei," Zenzi akasema. "Utaandikwa peke yako. Kwa herufi kubwa, Vigil, kutoka ukingo hadi ukingo, na nitakuletea kila mwaka mpaka nitambae. Yeye anavyo vyake."