Raia Aliyeleta Salamu

Juzi mwanangu alikuwa akisoma Kiingereza kwa sauti, akafika kwenye neno lao la mwongo: "laia." Nikacheka, kisha nikaacha. Sisi Wasukuma, ndugu yangu, L na R kwetu ni mapacha. Mwalimu wetu pale Tinde aliliandika neno hilo ubaoni, darasa zima tukaitikia, "Raia!" Akagonga meza mpaka chaki zikaruka. Wapi! Tulirudi nyumbani tukijua kwamba kwa Kizungu kila raia ni mwongo.

Na sisi raia wa kwetu tulikuwa naye. Baba alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na habari zake tukaletewa na mchuuzi wa mitumba aliyekuwa akienda na kurudi huko. Siku ya mnada hakosi kupita. "Shikamoo mama. Kijana wako mzima, anakusalimia. Mvua zikikatika anarudi." Bibi anang'aa uso mzima, "Wabeja, mwanangu, asante!" Hapo anamkaangia karanga, anamwekea michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na maziwa ya mgando ambayo yalikuwa ya watoto. Lo, nilimchukia mtu yule! Mvua zikakatika, zikanyesha tena, zikakatika.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikasema mbele yake, "Bibi, huyu ni raia!"

Bibi akatabasamu. "Tena raia mwema."

Mchuuzi akaitikia kwa kichwa huku anatafuna.

Kisha akaja mchimbaji mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, akakataa hata kigoda. Akasema duara, lile shimo walilokuwa wakichimba, liliporomoka kitambo baba akiwa chini, na hawakuweza kumfikia. Bibi alisimama. "Mwongo mkubwa wewe! Mwanangu kanisalimia mnada uliopita!" Akamfukuza. Mama aliketi chini akalia, Bibi akamgombeza asimchulie mtu aliye hai.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nadhani kwetu hawakufika. Mchuuzi aliendelea kuleta salamu mpaka Bibi anafariki, na alikula hata msibani.

Mwaka jana nilikwenda Rwamgasa kuliulizia lile duara. Kila niliyemuuliza alinionyesha shimo tofauti, na wote waliapa. Nikabaki nimesimama na shikamoo ya baba mdomoni, nisijue niielekeze wapi.