Saa Mlangoni mwa Kisiagi

Kuna kisiagi pale Kiminini ambako nikipeleka debe langu la mahindi huwa nabeba gazeti, na hulimaliza lote. Jumamosi moja unga wangu ulikuwa tayari kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Mlangoni alisimama msichana wa chuo kikuu, ameshika daftari na saa ya kupimia mbio. Msagaji alimimina mahindi, akafunga gunia, akamimina tena, wala hakuinua kichwa.

"Unasomea nini, mwanangu?" mama mmoja wa foleni akamuuliza.

"Uhandisi wa viwanda, mama. Natafuta mahali muda unapopotelea."

Mama akanyoosha midomo kuelekea benchi la nje. "Huwa unapotelea pale. Huyu msagaji hukaa hapo akipiga domo mpaka jua linageuka."

"Na leo mbona hakai?"

"Si uko hapa na hiyo saa!"

Kalamu ya msichana ikasimama. "Basi vipimo vyangu vyote ni vya uongo."

"Uongo gani, na unga ndio hii, bado iko moto?"

Sijui nani kati yao alistahili shahada. Jumamosi iliyofuata msichana alikuwa amerudi chuoni, na msagaji amerudi kwenye benchi. Mama akaja na debe kichwani, na saa ya ukutani ya nyumbani kwake kwapani. Akasimama palepale mlangoni, akaitazama saa, akamtazama msagaji.

Niliichungulia. Mshale wa dakika haukusogea hata kidogo, lakini msagaji alikuwa ameshainuka.