Jina la Papa Ndani ya Treni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilikuwa shefu, yaani mkuu, wa treni katika mji usio na reli. Usinicheke. Goma haijawahi kusikia treni ikipiga honi, lakini sisi watoto wa mtaa wa Majengo tulikuwa na yetu: bodi ya ndege kuukuu, pembeni mwa kiwanja cha ndege, iliyonaswa tumboni na mawe ya volkano mwaka ule mlima wetu wa moto, Nyiragongo, uliposhuka mjini. Mabawa yalishakatwa zamani na watu wanaoyeyusha aluminiamu kutengeneza sufuria. Kilichobaki kilikuwa kirefu, kina madirisha na viti vichache, na katika kitabu cha shule kitu cha namna hiyo kiliitwa treni. Basi, ikawa treni.

Kazi yangu ilikuwa kuita majina. Tulikuwa tumeona hivyo bandarini: kabla ya boti kuondoka kwenda Bukavu, karani anasimama na listi, anaita, kila abiria anaitika "Prezan!", yaani nipo, ndipo anapanda. Nami nilisimama na daftari la hesabu, nikaita, wenzangu wakaitika wakicheka.

Koko, yaani mama yake Papa, baba yangu, hakuupenda mchezo ule hata kidogo. Alikuwa mtu wa Rutshuru, Mkristo wa misa ya kwanza kila Jumapili, lakini mlima hakuutania. Kwake Nyiragongo alikuwa mwanamke mzee mwenye wivu.

"Mutoto, sikia," aliniambia akichambua maharagi. "Ile kitu Nyiragongo alishaiuma. Yenye aliuma ni yake, hata akiiacha. Mucheze, siwezi kuwafunga kamba. Lakini usiite mule jina ya mutu mwenye iko mu safari. Ataitikia mule mule, na nyumbani hatafika."

"Ndiyo, Koko," nikasema. Ndiyo ya mtoto unaijua.

Mwaka ule wa treni yetu waasi walikuwa kwenye barabara za Masisi. Papa alikuwa mchuuzi wa maharagi; aliondoka Jumatatu na lori kwenda huko, akasema Ijumaa atakuwa nyumbani. Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Mama alishinda barabarani akiuliza kila dereva. Mimi nilitaka kusaidia, Mungu ni shahidi. Nilifikiri: treni yetu ikimpakia, atafika. Nikaiba kofia yake, nikaiweka kwenye kiti cha dirishani, nikaandika jina lake daftarini kwa penseli, kisha nikamwita kwa jina lote, kama karani.

Kwetu mtoto hataji jina la mzazi wake. Nilijua hivyo, na bado nililitamka. Rafiki yangu Esperansi, aliyekuwa amejificha nyuma ya kiti kile, akaitika kwa sauti nzito ya kiume: "Prezan!"

Wote wakaangua kicheko. Mimi nilitimua mbio mpaka nyumbani.

Koko aliuona uso wangu tu, akajua. Nikamwambia yote, nikingoja kofi. Hakunipiga.

"Ile kitu iliitika?" akauliza.

"Ni Esperansi, Koko! Alikuwa anacheza!"

"Sikukuuliza ni nani. Iliitika?"

"Ndiyo."

"Yesu wangu weee," akasema, na maharagi yakabaki ungoni mpaka kesho yake.

Wiki ya nne lori lilirudi bila Papa. Dereva alisema walisimamishwa njiani, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo porini, na Papa alikuwa mmoja wao. Zaidi ya hapo hakujua. Mama alimuuliza mara tatu, kana kwamba mara ya tatu jibu lingebadilika. Na ungeenda kushtaki wapi? Wenye bunduki ndio waliokuwa wenye ofisi.

Siku chache baadaye, asubuhi, Koko alivaa kikwembe chake, kitenge cha misa, akanishika mkono. "Beba daftari," akasema. Yeye, aliyekuwa hataki hata kuitazama, alipanda ndani ya treni ile. Kofia ilikuwa bado kitini. Akaichukua, akaipakata, akakaa pale.

"Weye ndiye shefu," akasema. "Futa jina yake. Andika yangu."

Akanitajia jina lake. Sikuwa nimelisikia kamwe. Kwangu alikuwa Koko tu.

"Sasa uniite. Nitaitika mwenyewe. Miye ninabaki, yeye anashuka."

Nilifuta jina la Papa kwa kidole na mate mpaka karatasi ikatoboka. Nikaandika la Koko. Nikafungua mdomo. Nikaona miguu yake, katika viatu vyake vya plastiki, haifiki sakafuni.

"Ita, mutoto wangu. Ninakuomba."

Sikuwa nimewahi kuona mkubwa akimwomba mtoto hivyo. "Siwezi, Koko," nikasema, na nikalia. Alingoja sana. Ndege nzima, ya kweli, ilitua kiwanjani na viti vyote vikatetemeka. Kisha akanivika kofia ya Papa, tukarudi nyumbani. Hakuligusia tena jambo lile.

Papa hakurudi. Leo mimi ni mtu mzima, na najua kilichomchukua ni watu wenye bunduki, si mlima, wala si daftari la hesabu. Watoto wangu nawaambia hivyo hivyo. Lakini unaona, hata hapa majina yale mawili sijayaandika. Na siku ile niliamini kabisa. Niliamini kwamba neno langu moja lingemrudisha Papa na kumchukua Koko, na nikafumba mdomo.

Koko aliishi miaka kumi na mmoja baada ya pale. Kila asubuhi nilimwita kutoka mlangoni, "Koko!" naye akaitika, "Niko." Kila alipoitika nilifurahi, na kwa furaha hiyo bado sijapata namna ya kumwomba Papa msamaha.