Soli na Kiwanda Kilichofunguliwa Mara Mbili

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Watu wote walimwita Soli, mkewe akiwa mmoja wao, tangu alipoajiriwa katika kiwanda cha viatu akiwa na miaka kumi na tisa na kupangiwa idara ya kubandika soli. Jina lilimganda kama gundi yenyewe, naye hakulikataa.

Kiwanda kilikuwa cha serikali. Kilikaa pembeni mwa mji, jirani na reli, kuta za matofali mekundu na paa lenye meno meno kama msumeno. Wakati huo viatu vya kutoka nje havikuruhusiwa kuingia nchini. Wakubwa walisema kiwanda ni sawa na mtoto, hakiwezi kushindanishwa mbio na watu wazima kabla hakijajifunza kutembea. Soli aliliamini neno hilo moja kwa moja. Yeye mwenyewe alisoma shule ya msingi miguu peku, na sasa viatu jozi mia nne vilipita mikononi mwake kila siku. Ungemwambia nini?

Ila mtoto yule hakuwa na haraka ya kutembea. Kiwanda kilitoa aina tatu tu za viatu, vyote vyeusi, na namba iliyochapwa kwenye soli ilikuwa ya kukisia. Watu walitania kwamba kiatu cha kiwanda hukivai hivi hivi, mpaka msuluhishwe kwanza. Mwaka mmoja gundi ikaanza kuchanganywa na dawa ya kuilainisha ili ifike mwisho wa mwezi. Soli alimfuata msimamizi wake, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mzee, hizi soli zitabanduka."

"Najua, mwanangu."

"Sasa wenye viatu watafanyaje?"

"Watanunua vingine. Na watanunua wapi kama si hapa?" Mzee alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia saa.

Kisha sera ikageuka na milango ya nchi ikafunguliwa. Viatu vikaingia vya kila rangi, vipya na mitumba, vyepesi, vya kumkaa mtu mguuni. Ndani ya miezi kumi na minane kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi mia sita wakamwaga unga kwa tangazo la ukurasa mmoja lililobandikwa getini, na mashine zikafunikwa maturubai. Soli alirudi nyumbani na nyundo yake na kisu cha kukatia ngozi. Kwa wiki nzima mkewe hakupata kutoka kwake zaidi ya "asante" na "nimeshiba".

Baada ya wiki hiyo alipiga kibanda kwenye kona, nje ya duka la vifaa vya umeme, akawa fundi viatu. Alikaa pale miaka ishirini na miwili. Kiwandani alikuwa akiona viatu vikizaliwa tu, lakini pale kwenye kona vililetwa vikiwa wagonjwa, na ndipo alipoanza kuielewa kazi yake. Aliona mshono uliopita karibu mno na ukingo wa ngozi, gundi iliyopakwa juu ya ngozi ambayo haikukwanguliwa, kisigino chenye uwazi ndani kilichofunikwa kwa karatasi ngumu. Ukimletea kiatu, alikipindua, akakikunja, akakwambia unavyotembea na jinsi aliyekitengeneza alivyokuwa na haraka.

Binti yake mkubwa alikulia kwenye kibanda hicho. Alipomaliza shule akaanza kuuza viatu vya mitumba sokoni. Alikuwa na jicho. Robota likifunguliwa, wenzake walikimbilia vilivyong'aa; yeye alikunja soli kwanza, kama baba yake. Wateja walimwita Mama Pea. Vilivyochoka alimpelekea baba avitengeneze, na kwa viatu hivyo wadogo zake wawili walisoma mpaka wakamaliza.

Siku moja asubuhi mwanamke mwenye faili kwapani alisimama mbele ya kibanda.

"Ni wewe Soli, uliyekuwa kiwandani?"

"Ndiye mimi. Kama ni kiatu, weka hapo. Kama ni maneno, kaa kwenye kigoda."

Akakaa. Alikuwa afisa wa wizara ya viwanda, na alieleza polepole. Serikali ilikuwa imekata shauri kukifufua kiwanda. Ngozi mbichi hazitauzwa tena nje ya nchi. Ushuru wa viatu vya nje utapanda, mitumba ikiwemo, kwa miaka mitano. Kila mwaka kiwanda kitapimwa, na kikishindwa, ulinzi utaondolewa. Walihitaji mkaguzi mkuu wa ubora.

"Hata mara ya kwanza tulilindwa," Soli alisema. "Tukalala."

"Safari hii kuna masharti."

"Yana meno?"

Afisa alitazama viatu vilivyopangwa ukutani. "Yatakuwa nayo, kama watu wa ndani watatuambia ukweli. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Binti yake alikuwa kibarazani akisugua viatu vya watoto kwa mswaki.

"Kwa hiyo baba yangu anakwenda kujenga ukuta," alisema, "na mimi ndiye niko upande wa pili."

"Mwanangu, watu mia tatu watapata kazi. Wataufahamu ufundi."

"Na sisi wa sokoni tunafanya nini, tunacheza? Mtu anakuja kwangu na mtoto peku, anaondoka kavaa. Kesho nimwambie asubiri kiwanda chenu kikue?"

"Hao wa nje wanaotuuzia viatu leo, nasikia nao walianza kwa kujifungia mlango."

"Sawa, baba. Ila uliza ni nani aliyekuwa akigharamia wakati wamejifungia."

Soli alivuta kigoda akaketi karibu naye. Mkewe aliwamiminia chai wote wawili na kuwaambia kwamba hakuna atakayenyanyuka pale akiwa amenuna. Walikunywa. Walinyanyuka wote wamenuna, na Jumatatu Soli akaenda kiwandani.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka shule juzi juzi, na Soli aliwashangaza kwa kuwapa viatu wavibomoe wiki nzima kabla hawajagusa mashine. Aliweka kanuni moja ambayo hakutaka ijadiliwe: kiatu kikibandikwa soli, kinakaa kwenye rafu siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi, ndipo kiingie kwenye boksi. Sahihi yake ndiyo iliyofungua geti.

Mwaka wa pili kiwanda kikapewa kazi ya viatu vya shule za serikali. Siku chache kabla ya muhula kuanza, umeme ukakatika siku tatu mfululizo. Uliporudi, walishona kama waliopagawa, na bado jozi elfu nne zilikuwa hazijatimiza siku yake kwenye rafu wakati malori yalipofika. Meneja mwenyewe alikuja ofisini kwa Soli. Alikuwa kijana mchapakazi, aliyekula chakula chake cha mchana amesimama.

"Mzee, gundi imeshika. Nimevuta kwa mkono, haibanduki."

"Imeshika juu. Ndani ni mbichi."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Tukichelewa, watasema kiwanda kimeshindwa, na wale wasichana watarudi makwao. Tena, hivi watanunua wapi kwingine?"

Maneno yale Soli aliyajua, na sauti iliyoyasema mara ya kwanza aliikumbuka vizuri. Lakini alitazama nje ya dirisha, akawaona wasichana wake wamejipanga wakipakia maboksi huku wanacheka, na akafikiria geti lile likibandikwa tangazo kwa mara ya pili. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Baadaye hakuwahi kusema alilazimishwa.

Wiki ya tano mvua zikaanza. Jumamosi moja binti yake alifika nyumbani na gunia, akalimwaga kibarazani. Vilikuwa viatu vya shule thelathini na kitu, vyote vimefumbua vinywa.

"Wazazi wananiletea mimi kwa sababu wanajua ni mtoto wa fundi," alisema. "Sijawaambia fundi mwenyewe yuko wapi."

Soli aliokota kimoja na kuibandua soli iliyobaki. Gundi ilinyooka kama utomvu. Haikuwahi kukauka. Ndani, penye kisigino, ulikuwepo muhuri wa ukaguzi wenye namba yake.

Walivitengeneza pamoja, Jumamosi na Jumapili. Yeye alikwangua na kupaka gundi, binti akapanga juani. Viatu viwili vya mwisho vikiwa vimebaki, binti alisema bila kumtazama, "Afadhali ungekuwa huijui kazi."

Soli aliendelea kukwangua.

Mwezi uliofuata ilikuwa tathmini ya mwaka. Viti vilipangwa katika ukumbi wa kiwanda; afisa wa wizara alikaa katikati, na pembeni wawakilishi wa wafanyabiashara wa viatu. Meneja alisoma taarifa yake: idadi imepanda, ajira zimeongezeka. Yote yalikuwa kweli. Alipomaliza, Soli akaomba nafasi. Aliweka mezani kiatu kimoja ambacho hakukitengeneza.

"Hiki kilitoka hapa," alisema. "Nilijua ni kibichi na nikatia sahihi. Viko vingi, na vingine mvua bado haijavifikia."

Mmoja wa wafanyabiashara alitabasamu. Afisa akauliza, "Kwa hiyo unapendekeza ulinzi uondolewe?"

"Hapana. Mkiuondoa leo, wale mabinti watarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi, na walichojifunza kitaozea mikononi mwao. Kujifunza kwenyewe kumechukua miaka miwili, wala hakununuliki. Lakini mkiuacha ulivyo, tutalala. Mmetulinda sisi dhidi ya viatu vya nje. Mvaaji amelindwa na nani dhidi yetu?"

"Unataka nini basi?"

"Nataka mnunuzi anayeweza kutukataa. Tulazimisheni tuuze sehemu ya viatu vyetu nchi nyingine, ambako hatubebwi na mtu. Wakivikataa, tupunguzieni upendeleo. Na mitumba ya watoto iacheni ipite bila ushuru mpaka siku tutakayoweza kuwavalisha sisi wenyewe. Mtoto hawezi kukaa peku akisubiri tukomae."

Alikaa.

Uamuzi ulichukua miezi minne. Wanafunzi walipewa viatu vingine. Meneja alihamishiwa bohari, na mahali pake akaja mama mmoja aliyewahi kusimamia kiwanda cha nguo. Ushuru wa mitumba ya watoto ukafutwa, ule wa viatu vya watu wazima ukabaki, na kiwanda kikaagizwa kuuza nje moja ya tano ya viatu vyake kabla mwaka haujaisha. Soli naye hakuachwa. Sahihi ni sahihi, walimwambia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka kanuni aliyoivunja. Alivuliwa ukaguzi mkuu, akabakizwa kuwa mwalimu wa wafanyakazi wapya. Alikubali kwamba ni haki, ingawa kwa siku kadhaa mkewe alirudisha sahani jikoni ikiwa nusu.

Binti yake aliendelea sokoni, sasa na viatu vya watoto peke yake. Jirani yake wa meza, aliyeuza viatu vya kiume, alishindwa na ushuru akafunga. Soli alimfahamu mwanamke huyo. Walipokutana njiani walisalimiana vizuri, lakini hakuna aliyesimama.

"Umenisaidia nusu," binti alimwambia siku moja, akimpa kiatu cha kushona.

"Ndiyo niliyoiweza."

"Najua. Nakuambia tu ili usije ukadhani ni nzima."

Kabla mwaka haujaisha, jozi elfu mbili zilipakiwa kwenda nchi jirani. Kiwanda kizima kilisimama uwanjani kuliaga lori. Wiki tatu baadaye lori likarudi, na ndani yake jozi mia sita zilizokataliwa, kila moja imebandikwa karatasi ndogo ya sababu. Meneja mpya alishika kiuno. Wasichana walisimama wakitazama chini kama waliofiwa.

Soli aliomba maboksi yamwagwe sakafuni, akakaa katikati yake na kuanza kusoma karatasi kwa sauti. Mshono umelegea. Kisigino kimepinda. Matundu ya kamba hayalingani. Kadiri alivyosoma, uso wake ulizidi kukunjuka, mpaka meneja akamuuliza kulikoni.

"Mama, asiyekujali hakuandikii sababu," alijibu. "Hawa wametuandikia mia sita."

Msichana mmoja wa idara ya ushonaji aliinua kiatu. "Mwalimu, hiki wanasema namba imekosewa. Siyo kweli. Mimi ndiye niliyekishona."

Soli alichukua rula, akapima mara mbili, akamrudishia kiatu. Msichana alikuwa sahihi.

"Hicho tutawarudishia pamoja na barua," alisema. "Hivi vingine, kaa hapa tuvibomoe. Nani ana mkasi?"