Shamba la Kulipia kwa Mwezi

Nina kibanda cha gemu pale Sekei, na sioni haya kusema. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa umri wangu, tena mwimbaji wa kwaya, anaishi kwa kukodisha mashine za kuchezea, hunitazama kama vile nimesema nauza gongo. Kisha huniuliza kama na mimi nacheza. Sichezi. Mwenye bucha halazimiki kupenda nyama.

Zamani kazi hii ilikuwa na utaratibu wa kueleweka. Kulikuwa na mashine za aina mbili, na kila aina ilikuwa na gemu zake ambazo upande wa pili hawazigusi. Mimi nilichagua upande mmoja. Mpinzani wangu, kijana aliyetoka Dar akafungua kibanda kule Themi, alichagua ule mwingine. Wateja nao waligawanyika, kama watu wanavyogawanyika kati ya makanisa, na kwa hoja zilezile. Gemu mpya ikitoka huko duniani, sisi tuliisubiri. Diski ilifika Nairobi, ikapanda basi, ikavuka Namanga, na aliyeipata kwanza Arusha nzima alitamba mpaka mwenzake aipate. Mimi nilikuwa na mtu wangu kwenye mabasi. Gemu ya mpira ya kila mwaka ilinifikia mapema, na wiki hiyo hata waliokuwa wamenitukana walinisalimia vizuri.

Ikaja huduma ya kulipia kwa mwezi, kama king'amuzi. Unalipa, unafunguliwa ghala lenye gemu nyingi kuliko utakavyoweza kucheza hadi kufa, na gemu mpya inaingia humo siku ileile inayotoka. Mtu wangu wa mabasi akabaki na mabasi yake. Nilishangilia kwa muda mfupi, mpaka nilipogundua kwamba kama mimi naipata siku ileile, basi na kila mwenye kifurushi anaipata siku ileile, na hakuna wa kutamba tena. Baadaye nikagundua jambo la pili, kwamba gemu za ghalani zina tabia ya kuondoka. Leo ipo, mwezi ujao haipo, na hakuna anayekuja kuaga. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga walilisema hilo na hawakuwa hata na umeme.

Mambo yakiwa hivyo, baba yangu akahamia kwangu.

Baba ni mkulima wa kahawa na migomba kule juu, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, daktari alimkataza kupanda na kushuka miteremko, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumkataza mtu kutoka nje ya nyumba. Nikamleta Sekei. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikuwa nalo. Nilikuwa na gemu ya kilimo mle ghalani, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuifungua hata kwa bahati mbaya. Nikamkalisha baba mbele ya runinga, nikampa padi ya kuchezea.

Aliitazama ile nchi ya kwenye skrini, tambarare mpaka mwisho wa macho.

"Migomba iko wapi?"

"Hakuna, baba. Kuna ngano na soya."

"Sasa watu wa huko wanakula nini?"

Nikamwambia wanakula ngano na soya. Aliwasikitikia kwa dhati, kisha akawasha trekta.

Ngano iliiva kabla chai yake haijapoa. Mtu aliyezoea kungoja mche wa kahawa miaka mitatu ndipo uzae, jambo hilo lilimtia mashaka, na mwanzoni alivuna huku akitazama pembeni kama mwizi. Alipozoea, kilichomfurahisha zaidi kilikuwa mipaka. Kwenye ile gemu ukingo wa shamba umechorwa na waliotengeneza, na hakuna binadamu anayeweza kuusogeza. Alinieleza jambo hili mara nyingi, akiwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa mbinguni.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Kwetu mpaka kati ya kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kila mtu huko juu anaiheshimu. Masale yaliyopo kati ya baba na baba mdogo, ndugu yake wa pekee, yalihama hatua chache kuelekea kwa baba. Baba anasema yalihamishwa. Baba mdogo anasema ni mvua. Tangu hapo hawasemezani. Kwetu anayeomba radhi hubeba jani la sale akampelekea mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana hakuna aliyelibeba. Kulibeba ni kukiri.

Lakini kutosemezana si kutoonana. Wanakaa benchi moja kanisani, wanakwenda misibani pamoja, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Tangu mama alipofariki, mtu wa tatu ni mimi.

Kila Alhamisi baba mdogo alishuka na bodaboda kuniletea mkungu wa ndizi kutoka kwenye migomba ya baba, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiitunza. Alikuwa haongei na mwenye migomba, lakini migomba ilikuwa haijamkosea. Alisimama mlangoni na kusema, "Mwambie ndizi zake hizi." Baba, aliyekuwa ameketi hapo hapo, akasema, "Mwambie nimeziona."

Alhamisi moja macho ya baba mdogo yakaangukia runinga.

"Mwambie huyo trekta linakanyaga alichopanda."

"Mwambie naona," akasema baba.

"Mwambie kama anaona, mbona anaendelea?"

Nikaleta padi ya pili. Sikuwa na nia yoyote ya upatanisho. Nilikuwa nimechoka kuwa mkalimani wa trekta.

Wakicheza wawili, skrini inagawanyika katikati. Hata dakika haikupita. "Mwambie huyo upande wake ni mkubwa," akasema baba mdogo. Nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani, nikaazima futi, nikapima runinga mbele ya wateja wangu wote. Pande zilikuwa sawa. Baba mdogo akaomba futi akapima tena mwenyewe, kisha akarudisha padi mkononi bila maoni.

Baada ya hapo hakungoja tena Alhamisi. Walikuwa na shamba moja, ghala moja na akiba moja, na mimi katikati. Mwambie alete mbegu. Mwambie mbegu ziko ghalani, anajua zilipo. Mwambie asivune, bado mbichi. Mwambie nimeanza kuvuna kabla hajazaliwa. Yalisemwa kwa Kimeru, nami niliyarudia kwa Kimeru, kwa mtu aliyeyasikia vizuri akiwa umbali wa kiwiko. Huku narudisha chenji, kule naamua ugomvi wa vijana kuhusu penalti. Nilinung'unika kutwa, lakini niseme wazi kwamba nilikuwa na furaha. Niliamini kuwa watu hawawezi kulima shamba moja milele bila siku moja kujisahau, mmoja akamgeukia mwenzake akamsemesha. Baba alikuwa anazeeka na ndugu yake alikuwa mmoja tu. Niliingoja siku hiyo kuliko nilivyowahi kuingoja diski yoyote kutoka Namanga.

Kisha kwenye kona ya picha ya gemu yakatokea maandishi madogo kwamba gemu hii inaondoka mwisho wa mwezi.

Niliulizauliza na kusoma mpaka nikaelewa. Watengenezaji walikuwa na toleo jipya, na walikuwa wamekubaliana na upande wa pili. Lingetoka likiwa tayari ndani ya kifurushi cha kule tangu siku ya kwanza, na sisi wa huku tungengoja mwaka mzima. Toleo letu la zamani linaondolewa lisiwe kizuizi. Zamani upande fulani ulikuwa na gemu na mwingine hauna, basi, unajua moja. Siku hizi gemu zinatembea kwa zamu, na zamu zinapangwa na watu wasiojua kama Sekei ipo. Nilitaka kuinunua ibaki yangu kabisa. Kwenye duka la mtandaoni ilikuwa imeshaondolewa, na diski yake haikuwahi kutengenezwa. Kununua mashine ya upande wa pili nako hakukuwezekana. Nilikuwa nimeitukana hadharani kwa miaka mingi mno.

Nikawaeleza wazee.

"Kwa hiyo shamba halikuwa letu," akasema baba.

"Tulikuwa tunakodi, baba."

"Kwa nani?"

"Kwa watu ambao na wao wamekodi."

"Mwambie mimi nilijua," akasema baba mdogo, ambaye hakujua.

Baba akauliza kama kuna mazao shambani. Nikamwambia wamevuna jana, mashamba yote yako tupu. Akasema hilo ndilo kosa. Kwetu mtu akishapanda, hata ukiwa na haki ya kumtoa, unamwacha avune kwanza. Mahakama inalijua hilo, kanisa linalijua, hata mtu mbaya analijua. Kwa hiyo ikiwa mashamba yatakutwa na mimea, hakuna atakayethubutu kuwatoa. Nilimweleza kwamba waliopanga haya hawatazami hata kilichopandwa.

"Mama," akaniambia kwa upole, "hakuna mtu asiye na adabu kiasi hicho."

Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kuwaona wakikubaliana.

Wakapanda. Wiki yote ya mwisho walipanda ngano, soya, alizeti, mpaka vile vipande vya kando ya barabara ambavyo havikuwa na faida. Walichagua mbegu zinazochelewa kuiva, kwa makusudi. Siku ya mwisho ya mwezi shamba lote lilikuwa kijani, na baba alizima mashine kwa utulivu wa mtu aliyeweka wakili mzuri.

Asubuhi ya tarehe mosi wote wawili walikuwa wamekaa kabla sijafungua pazia. Nikabonyeza. Pale palipokuwa na picha ya trekta palikuwa na kufuli. Nikabonyeza tena, kwa sababu walikuwa wananitazama.

"Na mimea?" akauliza baba.

Baba mdogo alivaa kofia yake, akaniambia nimwambie huyo kwamba anakwenda, akaenda.

Alhamisi iliyofuata mkungu ulifika mlangoni na mwenye kuuleta hakuingia. Baba alikaa mbele ya runinga, akatazama vijana wakicheza mpira. Nilijaribu kumfungulia gemu ya magari. Akaniuliza yanabeba nini. Nikasema hayabebi kitu, yanashindana tu. Akaweka padi chini. Niliumia, na kwa kuwa nikiumia huwa nakuwa mkali, wateja wangu walipata tabu mwezi ule.

Kisha baba akaanza kutoka. Alisema nyonga inahitaji mazoezi, akachukua fimbo, akarudi jioni. Zoezi gani la kutwa nzima? Alhamisi nayo ikapita bila ndizi, na nyingine tena. Nikajua, kwa uhakika wote wa mtu asiyejua kitu, kwamba baba anapanda mlimani kinyume na amri ya daktari kwenda kupima masale kwa fimbo, na kwamba huko wameshapigana. Nilikuwa nafunga mlango niwafuate ndipo muuza chipsi aliponiambia, "Mama, mzee wako namwona kila siku Themi, pale kwa yule wa gemu."

Niliondoka na hasira ambayo nilitaka kuitumia yote. Baba yangu mzazi, kwa mpinzani wangu, kwenye ile mashine. Njia nzima nilipanga maneno.

Kijana wa Themi alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Aliponiona aliinuka.

"Shikamoo, mama. Afadhali umekuja. Hawa wazee wako ndio watakaonifukuzia wateja. Tangu toleo jipya liingie wanakuja wote wawili, na ni kugombana tu kutwa."

Ndani, kupitia pazia, nikasikia sauti ya trekta, kisha sauti ya baba.

"Kata kulia, mdogo wangu. Kulia! Utatuangusha mtaroni."

"Wewe nipishe kwanza. Umeziba njia."

"Nimeziba kwa sababu nakungoja wewe."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia.

"Wanaongea hivyo?" nikamuuliza. "Wenyewe kwa wenyewe?"

Aliniangalia kama mtu anayetegewa mtego. "Sasa waongee na nani, mama? Mimi Kimeru sijui."

Machozi yalinitoka hapo hapo, mbele ya mtu niliyeapa hataniona nikishindwa. Miaka yote ile nilidhani nawashikanisha. Kumbe nilikuwa nawarahisishia kununiana.

Akanivutia pazia niingie. Nikamshika mkono, nikalirudisha, nikamwomba asiwaambie kwamba nilifika. Ningeingia ningewaamkia, wangeitikia, na yule ambaye angeniona kwanza angeniambia nimwambie mwenzake.