Jogoo wa Mtani Yuko Mlimani

Ofisi ya kata imetangaza, kwa furaha na kwa muhuri, kwamba kuanzia mwaka huu huduma zote katani zinafikika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, bila kikwazo cha aina yoyote. Tangazo halikutaja mlima. Tusililaumu, mlima ulikuwapo kabla ya kata, na haukuitwa kikaoni.

Mwaisha, fundi cherehani wa Bigwa, mtaa ulio chini ya mlima huo, hakuwa na ugomvi na tangazo hilo. Miguu yake iliacha kazi utotoni, kwa polio, na tangu hapo ameishi kwa vyombo: cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono hiyo hiyo. Kwa vyombo hivyo ameshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na kujua umbea wa nusu nyingine. "Mungu kanipa mikono ya watu wawili," husema, na wateja waliowahi kubishana naye bei huongeza kwamba na mdomo pia.

Mwaka huu akafariki mama yake mkubwa, Bi Mwanahawa, aliyemlea huko juu Uluguru. Waluguru hufuata upande wa mama, na jina la marehemu haliachwi likapotea. Siku ya arobaini mrithi hukalishwa mkekani, akafunikwa kanga ya marehemu, akaitwa kwa jina lile mbele ya ukoo. Bi Mwanahawa alikuwa ameacha neno: jina langu apewe Mwaisha. Mjomba Mikidadi, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uje mwenyewe. Jina halitumwi kwa simu kama vocha."

"Na nisipofika?"

"Atakaa mwingine. Mkeka haulali mtupu."

Mwaisha alizima simu akalia, kisha akamaliza kupinda gauni la mteja, kwa kuwa harusi ya watu haisubiri.

Baiskeli ya magurudumu matatu hukoma barabara inapokoma. Baada ya hapo ni kinjia cha mawe na mizizi. Ipo machela, blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, lakini machela ya huko ina ratiba yake: hushuka na mgonjwa, hupanda na maiti. Mwaisha hakuwa mgonjwa, na hilo la pili hakuwa na haraka nalo. Alitaka kupanda amekaa, uso mbele, kama mtu anayekwenda shughulini.

Ndipo akaja Hashimu kumpa pole. Hashimu huchomelea vyuma, na ni mtani wake: koo zao zina haki ya kutukanana bila kesi, hasa msibani, na mtani akichukua kitu cha mfiwa harudishi mpaka akombolewe. Alitoa pole kwa namna ya watani. Alipanda baiskeli ya Mwaisha iliyokuwa uani, akaanza kuondoka nayo.

"We Hashimu! Rudisha miguu yangu!"

"Nikomboe. Jogoo mzima, si kifaranga."

"Jogoo wako yupo."

"Wapi?"

"Mlimani, kwenye arobaini. Nifikishe nimekaa, utamla. Ukishindwa, nitauambia ukoo mzima kwamba mtani wetu kaiba baiskeli ya kiwete akaogopa kilima."

Hashimu alishuka kwenye baiskeli bila tusi hata moja. Kwa mtani, hiyo ni ajali.

Akaenda gereji yake. Alichukua gurudumu moja la pikipiki, akaweka kiti juu yake na shokomzoba ya kupunguza mtikisiko katikati, akachomelea mabomba mawili marefu, mtu ashike mbele na mwingine nyuma. Gunia la mchele wa Dakawa lilipanda kwanza, kwa majaribio, likaanguka bila kulalamika. Akaongeza mkanda. Mwaisha alipopanda alilalamika kwa niaba ya gunia pia, akaenda kushona mto.

Siku ya safari Hashimu alishika mbele, nduguye Twalibu nyuma. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, Mwaisha kajifunika kanga gubigubi. Nyasi zilificha gurudumu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji juu ya kona wakaona mabomba mawili, watu wawili, na kilichofunikwa katikati, kinapanda.

Wakaangua kilio. Ng'ambo ya bonde wakaitikia. Wanaume walikuwa wameshanyanyua majembe ya kuchimbia kaburi Mwaisha alipojifunua.

"Mnamlilia nani? Mimi nimekuja kula ubwabwa!"

Kilio kikazidi, kisha mmoja akamtambua, akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Hashimu, mbona maiti wako ana njaa?"

"Ndiyo maana ni mzito hivi!"

Walipofika, Mwaisha akakalishwa mkekani, akafunikwa kanga, akaitwa Mwanahawa. Kanga ilipoondolewa, mjomba Mikidadi aliinama mbele yake.

"Shikamoo, dada," akasema, kwa kuwa sasa ndiye.

"Marahaba," akajibu Mwaisha.

Mtani hashukuriwi, ukimshukuru umeua utani. Basi jogoo alipoiva, Mwaisha alichukua firigisi, ambayo kwa heshima zote ilikuwa ya mjomba, akaiweka kwenye sahani ya Hashimu. Mjomba akatazama paa.

"Kula, usije ukafa tukakubeba kwa kikorokoro chako," alisema Mwaisha.

"Haina chumvi," alisema Hashimu, akaitafuna taratibu kuliko njaa yake ilivyoruhusu.

Mwaisha aliteremka nacho kiti, kisha akaagiza kirudishwe kijijini juu, kikae huko. Mwezi uliofuata kilimshusha mama mjamzito na kumpandisha akiwa na mtoto. Machela haikuwahi kupandisha watu wengi kuliko iliowashusha.

Tangazo la kata nalo bado lipo, limebandikwa mlangoni pa ofisi, juu kabisa, mwisho wa ngazi. Mwaisha anasema limeandikwa vizuri. Hashimu alipanda ngazi akamsomea.