Mguu wa Ulaya Nilioutengeneza Mwenyewe

Admin, nifichie jina, maana Ujiji hii tunajuana hadi kandambili. Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia kwenye karakana moja hapa Kigoma.

Baba mkwe, ambaye tunaishi naye, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Nikajitolea kumtengenezea, akang'aka: "Mkwe wangu anishike kigutu? Bora nitambae!" Basi fundi mwenzangu wa kiume akampima kwa kumfunga plasta ya kuchukua umbo la kigutu, kazi yote nikafanya mimi, na mume wangu akamdanganya baba yake kwamba mguu umetoka Ulaya. Mzee akaupenda kweli! Hadi sokoni Kibirizi wanajua ana mguu wa Wazungu. Mimi ananitania, "Mkwe, nyie wa hapa mkajifunze kwa wenzenu." Nacheka, ila inaniuma.

Wiki mbili zilizopita aliuvua ili atawadhe, akauegemeza ukutani. Nikaona ufa kwenye kikombe, pale kigutu kinapoingia. Kosa ni langu. Nilitaka aswali Idi akiwa amesimama, nikazidisha dawa ya kugandisha ili gundi ya kutengenezea kikombe ikauke haraka. Fundi yeyote anajua hapo unakaribisha nyufa. Nilijua, jamani.

Kikombe kipya lazima apimwe upya, maana ile plasta ya kwanza tulishaivunja. Yule mwenzangu amehamishwa, karakana tumebaki wanawake watupu. Nikamwambia, "Baba, ulete basi tuukague." Akajibu, "Mguu wa Ulaya ukaguliwe na nyie?" Mume wangu anasema nikifungua mdomo, mzee ataona tumemvua nguo mbele za watu, atautupa ziwani na mimi nitarudishwa kwetu. Nikinyamaza ataanguka, na kidonda cha mwenye sukari mnakijua.

Hapo bado sijasema linaloninyima usingizi. Kila asubuhi anambeba mwanangu mgongoni kumpeleka chekechea, wanateremka kile kiteremko cha mawe. Leo nimemwomba amwache atembee. Akacheka: "Mguu huu unabeba gunia la dagaa, utashindwa na huyu?" Wakaondoka, nikabaki mlangoni nikihesabu hatua zake.

Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini. Kesho saa moja wanatoka tena.